El Adde: tuambieni walikufa wangapi

Nikipita Lanet hapa Nakuru huwa naona vijana wa KDF, jeshi letu la Kenya, wamevaa kiraia, wanangoja matatu ya kwenda tao, wengine unaona kabisa hata ndevu hazijakomaa. Hao ndio wanatumwa Somalia. Sasa mimi nauliza, wakipatwa na jambo huko ni nani atatuambia ukweli?

Maana El Adde hatukuambiwa. Tarehe 15 Januari 2016 asubuhi mapema Al-Shabaab walivamia kambi yetu ya El Adde kule Gedo, Somalia. Wengi wa waliokuwa hapo walitoka Moi Barracks, Eldoret, na ibada ya kuwaaga ikafanyiwa huko huko, marais watatu wakaketi mbele, Uhuru, Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh wa Somalia, hotuba zikasomwa, lakini idadi ya waliokufa haikutajwa. Baadaye Hassan Sheikh akasema kwenye TV kwamba ni kama 180 hadi 200, serikali yake ikaruka, na ya kwetu mpaka leo haijatoa hesabu yake. Mwandishi Yassin Juma yeye alikamatwa Januari hiyo hiyo kwa kupost habari za wanajeshi waliouawa. Fikiria wewe ni mzazi, unatafuta jina la kijana wako kwenye Facebook na WhatsApp juu hakuna mkubwa anasema kitu.

Na hii vita yenyewe ni ya aina gani? Oktoba 2011 tuliambiwa ni operesheni ya Linda Nchi, tunafuata watekaji nyara waliokuwa wanachukua watalii na wafanyakazi wa misaada. Bunge lilikuja kupitisha waingie AMISOM, kile kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, mwezi wa Desemba, wakati wanajeshi washavuka mpaka kitambo, na Katiba kifungu cha 240 inasema wakitumwa nje lazima Bunge liidhinishe. Kutoka hapo ikaitwa kulinda amani. AMISOM ikawa ATMIS 2022, ATMIS ikawa AUSSOM 2025, na hakuna siku serikali imekaa chini na wananchi ikasema tunataka nini huko na tutajuaje kazi imeisha.

Sisemi watoke kesho. Garissa tulizika wanafunzi, Westgate tuliona, najua Shabaab si watu wa kubembelezwa. Lakini siri za mbinu za vita ni kitu kingine na idadi ya majeneza ni kitu kingine, adui anajua aliua wangapi, anayefichwa ni mama wa marehemu.

2027 wakija hapa kuomba kura, kabla ya barabara na basari, mimi nitawauliza kwanza hiyo hesabu ya El Adde iko wapi.