Kwa kazi ya mbao, grainda iache dukani

Kijana wa hapa Nakuru akitaka kuanza useremala, swali lake la kwanza kwangu huwa ni bei ya grainda, ile mashine ya mkononi ya diski ya kukata na kusaga chuma. Namwelewa. Ni mashine ya bei nafuu, haikosekani kwenye hadiwea, na muuzaji atakuonyesha diski ya meno ya kukatia mbao inayoingia humo humo. Mashine moja, kazi zote. Mimi namwambia asiinunue kwa kazi hiyo.

Nilianza nayo. Siku hiyo nilikuwa napasua ubao wa saiprasi kutoka Elburgon, bado mbichi. Ubao kama huo ukipasuliwa hujikunja na kuibana diski katikati. Ulibana. Grainda ilinitoka mkononi, ikapita kando ya paja langu na kuchana aproni. Diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, huwezi kuiwahi. Isitoshe, grainda haina kitako cha kutulia juu ya ubao, na ngao yake iliwekwa kwa ajili ya cheche na diski inayovunjika, haikuwekwa kwa meno yanayong'ata mti. Msumeno wa duara wa milimita 185 huzunguka karibu mara 5,000, una kitako, na ngao yake hujifunga yenyewe ukimaliza kukata. Lakini hata huo unaweza kusubiri.

Anza na drili na jigsoo, msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi. Wembe wa jigsoo hupanda na kushuka, kwa hiyo ukibanwa mashine hutetemeka tu, nawe unaachilia swichi. Itakukatia mnyoofu, itakukatia mviringo, na kwa rafu au stuli ya kwanza hutahitaji zaidi. Drili itangulie skrubu, hasa karibu na ncha ya ubao, la sivyo ubao utapasuka.

Pesa iliyobaki iende kwa klampu mbili, skwea ya chuma, miwani na barakoa. Barakoa naisisitiza kwa sababu kwenye vibanda vya jua kali ni nadra kuiona, ilhali vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Jigsoo hutoa vumbi kiasi. Ukianza kupiga msasa kwa mashine ndipo utaliona.

Kisha kuna ubao wenyewe. Nunua leo, utumie baadaye. Upange kivulini, upepo upite, na fito kati ya ubao na ubao, juu uweke mawe usipinde. Ukitaka kujua umekauka, chukua kipande kimoja ukipime kwa mizani kila Jumamosi na uandike uzito. Ukiona umeacha kushuka, leta jigsoo. Changu cha mwisho, saiprasi ya inchi moja, kilifika hapo wiki ya kumi.