Sumaku nayo iulizwe

Shukran kwa makala ya superkondakta za zebaki, yaani vitu vyenye zebaki vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa sana, ila mmeandika kwamba ukinzani wa umeme ukishuka hadi sufuri, ushahidi umetimia. Mimi nafundisha fizikia hapa Kisauni na siwezi kuliacha hili lipite. Uzi mwembamba tu wa superkondakta ndani ya kipande kibovu watosha kupitisha umeme na kukuhadaa. Ndiyo maana sampuli hupozwa kwanza bila uga wa sumaku (yaani eneo lenye nguvu ya sumaku), uga mdogo ukawekwa, usumaku wake ukapimwa inavyopata joto polepole. Kisha hupozwa tena ndani ya uga uleule, kuona kama inausukuma nje yenyewe, kama ifanyavyo superkondakta halisi. Hiki cha pili ndicho kipimo ninachokiamini zaidi.

Watafiti wa Zurich, Uswisi, walipata superkondakta ya zebaki inayofanya kazi hadi kelvini 133 mwaka 1993, yaani nyuzi 140 chini ya sufuri. Kuzitengeneza superkondakta hizi ndiko kwenye hatari: oksidi ya zebaki huvunjika kwenye nyuzi 500 hivi, na uokaji hupita 800, kwa hivyo mchanganyiko hufungiwa ndani ya mrija wa kwatzi, kioo kinachostahimili joto kali. Mrija ukipasuka, mvuke wa zebaki ni sumu. Vijana wangu, nawaomba, zebaki msiipashe moto nyumbani.