Kampuni haikuleta bandari

Makala yenu ya Mombasa inaisifu Kampuni ya Mackinnon, IBEA (Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki), kwamba ndiyo "iliyoifungua" Mombasa mwaka 1888. Ilifungwa na nani? Majahazi ya Bara Hindi na Arabuni yalikuwa yakitia nanga Bandari ya Kale karne nyingi kabla ya Malkia wa Uingereza kutia saini hati yoyote ya Kampuni.

Kilichobadilika ni forodha. Sultani Barghash wa Zanzibar aliwakodisha pwani mwaka 1887, kisha ushuru wa pembe za ndovu na nguo ukakusanywa na Kampuni yenye wanahisa Uingereza. Hata pesa walipiga yao: paisa ya 1888 ina jua lenye taji na jina la Mombasa. Kampuni ya biashara, lakini ina sarafu, ina askari, inahukumu. Serikali hiyo, ndugu mhariri, msitufiche.

Hadithi ya kuondoka kwao ndiyo mliyoiruka, na ndiyo tamu kuliko zote. Kampuni ilipofilisika 1895 ililipwa pauni 250,000 ili itoke. Pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka kwenye hazina ya Zanzibar, pesa zile zile Wajerumani walizomlipa Sultani kwa Mrima, pwani ya Tanganyika! Yaani mwenye nyumba kamlipa mpangaji ahame, kisha nyumba ikashikwa na Mwingereza.

Na Mbaruk bin Rashid, mkuu wa Wamazrui wa Gazi? Ulizuka ugomvi wa urithi wa utawala Takaungu, mji wa Wamazrui kaskazini mwa Mombasa, Kampuni ikaegemea upande mmoja, vita vikawaka pwani hadi 1896. Hamkumpa hata mstari mmoja.