Rudisha Sifuri Yangu

Maketa wa mtandaoni hawapungukiwi na maneno. Kwenye darasa ninalofundisha hapa Kondele, Kisumu, juu ya duka la vipuri, kila mtu ni mtaalamu wa chapa, hata yule anayeposti viatu vya mitumba kutoka Kibuye. Lakini uliza ukurasa wa wavuti unafikaje kwenye simu, wote wanatazama dari. Ndiyo maana nawafundisha HTML kidogo, ile lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ili fundi asiwatoze maelfu kwa kubadilisha neno moja.

Siku hiyo tulikuwa kwenye Inspect. Unabofya kulia ndani ya Chrome, unachagua Inspect, na ukurasa unavuliwa nguo: tagi zote nje, zile alama zinazoupanga ukurasa, h1 ya kichwa hapa, title ya jina kule, na yale maelezo ya meta ambayo Google huweza kuyaonyesha chini ya jina la tovuti. Unaweza hata kufuta maandishi na kuandika yako. Nikaeleza, nikarudia: seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, imekutumia nakala, na unachogeuza ni nakala hiyo tu, iliyo kwako. Ukirifreshi inakuja nyingine safi. Ukichora masharubu kwenye fotokopi ya kitambulisho, nikawaambia, serikali haikuoteshei ndevu.

Walicheka. Kijana wa samaki alicheka kuliko wote, na anayecheka kuliko wote darasani mara nyingi hajasikia.

Huyu hutangaza hoteli moja ya samaki kando ya ziwa. Alifungua tovuti yao, akatafuta penye “Ngege mzima na ugali, sh. 900”, akafuta sifuri moja. Akapiga picha ya skrini, akaiweka kwenye statasi ya WhatsApp: “Leo nimehaki bosi wangu.” Kisha, kwa kuwa umaketa uko damuni, akabandika na linki ya hoteli. Tena linki yenye UTM, ile mikia ya utm_source inayoonyesha mgeni katokea wapi. Somo hilo alikuwa amelishika barabara, sina la kumlaumu.

Picha ikasambaa. Mahali fulani, kati ya kundi la bodaboda na kundi la kwaya, mtu alikata yale maneno ya utani, ikabaki bei peke yake. Kufika saa saba mchana, foleni ilikuwa imetoka hotelini hadi kwa muuza miwa.

Simu ya kijana ikaanza kulia. Bosi. Akaigeuza kifudifudi. Mama wa ploti, ambaye hukaa mbele na kujua sheria zote, akamsaidia kwa kumtajia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, ya mwaka 2018. “Kuingia sistimu ya mtu bila ruhusa,” akasema, akitikisa kichwa kwa huruma. Kijana akaniuliza kwa sauti ndogo kama gereza la Kodiaga wanaruhusu wageni Jumapili.

Sijamjibu, bosi huyo ngazini, jasho linamtiririka, nyuma yake mzee mmoja mwenye kofia ameinua simu kama ushahidi wa mahakamani.

“Mwalimu,” bosi akasema, “rudisha sifuri yangu.”

Nikafungua tovuti kwenye kompyuta yangu: 900. Kwenye simu yake: 900. Kwenye kompyuta ya kijana: 90.

“Kwa hivyo mtandao una bei ya kila mtu?”

“Hapana, mkubwa. Tovuti yako haijaguswa. Tazama.” Nikabonyeza F5, kitufe cha kurifreshi, kwenye kompyuta ya kijana. 900 ikarudi.

Bosi akashusha pumzi. Nilidhani tumemaliza, ila nilikuwa nimemsahau mzee.

“Nimeona!” akasema. “Nimeona kwa macho yangu! Amebonyeza kidude, samaki akapanda bei!”

“Baba, hiyo ilikuwa nakala…”

“Kijana wangu, mimi nimekuwa kwa foleni. Usinifundishe nakala.”

Nimewahi kufundisha watu wagumu, lakini huyo mzee alikuwa na mashahidi, darasa zima. Hata mama wa ploti alikubali kwamba, kisheria, ilionekana vibaya.

Wakaafikiana pale pale kwamba mwenye picha atapewa ugali na omena kwa 90. Mzee akaikubali shingo upande, akidai omena naye ana macho mawili kama ngege. Kijana hakufukuzwa kazi. Tulipofungua Google Analytics, inayohesabu wageni wa tovuti, statasi yake ilikuwa imeleta wageni wengi kuliko matangazo yote ya kulipia, na bosi akaisoma hiyo grafu kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza.

Kisha akavuta kiti karibu yangu, akasubiri wengine watoke.

“Mwalimu. Hii kitu inafanya kazi kwa tovuti ya benki?”

“Inafanya, lakini ni kwa skrini yako tu.”

Akaingia kwenye akaunti yake, akatafuta penye mkopo. Akafuta tarakimu moja moja, pole pole, hadi ikabaki sifuri. Akaegemea kiti, mikono juu ya tumbo. Nikanyoosha kidole kwenye kibodi nimwonyeshe mwisho wa somo.

“Wacha kwanza,” akasema. “Usiguse hiyo F5.”