Tembea kwa ajili ya moyo, kitambi kina hesabu yake

Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulitoa takwimu mbili ambazo ni nadra kuzisikia zikitajwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba watu wazima wasiofikisha kiwango cha shughuli za mwili kinachopendekezwa walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Watu wanatembea, wanalima, wanabeba. Ya pili ni kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanawake peke yao ilikuwa asilimia 38.5. Miongoni mwao wamo wengi wanaokwenda sokoni kwa miguu na kusimama jikoni tangu alfajiri.

Ukiziweka takwimu hizo pamoja, ule ushauri wa kila mwanzo wa mwaka, "wewe tembea tu, mwili utapungua", unahitaji kuangaliwa upya. Wapo pia wanaoshikilia kinyume chake, kwamba kutembea si mazoezi, ni usafiri wa asiye na nauli, na anayetaka mabadiliko ya kweli akimbie au aende jimu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa kuwa zote zinayapima matembezi kwa mizani. Mmoja unaahidi kilo, mwingine unadharau kwa sababu kilo hazishuki. Anayeumia ni mtu aliyeanza kutembea kwa bidii, akapanda mizani baada ya mwezi, akaikuta namba ni ileile, akaacha kitu kilichokuwa kinamlinda asife mapema.

Nianze na hesabu, maana hapo wanaodharau wana hoja. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita tano anatumia takriban kalori 200 hadi 250 zaidi ya ambazo angetumia akiwa amekaa. Soda ya chupa ya nusu lita ina kalori zinazokaribia 210. Chapati moja ya mgahawani, ile iliyopakwa mafuta, ikakunjwa na kusukumwa tena mpaka inaachana tabaka tabaka, inafika hapo na mara nyingine inapita. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700. Kwa hiyo anayetembea kilomita tano kila siku bila kukosa, asibadilishe hata tonge moja la chakula, atasubiri mwezi na siku kadhaa ili apungue kilo moja. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Katika maisha ya kawaida njaa nayo inaongezeka, na jioni mtu aliyechoka anakaa muda mrefu kuliko alivyozoea.

Angalia kikundi cha mazoezi cha Jumapili asubuhi kinapomaliza mzunguko wake. Raba zina vumbi, fulana zimelowa mgongoni, watu wanacheka na kupigana picha. Kutoka hapo safari ni moja kwa moja kwa muuza supu: bakuli lenye mafuta yanayoelea juu, chapati mbili, soda ya baridi. Siwalaumu hata kidogo. Kukaa pamoja baada ya jasho ndiko kunakowarudisha wiki inayofuata, na bila kurudi hakuna mazoezi. Ila kwa upande wa kilo, saa nzima ya barabarani imelipwa ndani ya dakika ishirini, na chenji imebaki mwilini.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili umetoka Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Waliwanywesha maji maalumu yanayowezesha kupima nishati yote inayotumiwa na mwili kwa siku kadhaa. Wanaume walikuwa wanatembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu kilomita sita. Matarajio yalikuwa kwamba watu hawa wanachoma kalori nyingi mno kuwazidi watu wa ofisini wa Marekani na Ulaya. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuonekana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi sehemu nyingine, kama familia inayopunguza mboga mwezi ambao ada ya shule imepanda. Wataalamu bado wanabishana kuhusu ukubwa wa ubanaji huo, na si haki kusema matembezi hayachomi chochote. Lakini baada ya matokeo hayo ni vigumu kuamini kwamba miguu peke yake itatatua kinacholetwa na sahani.

Hadithi ya Wahadzabe ina nusu ya pili, na hiyo husimuliwa mara chache. Utafiti mwingine juu yao, uliochapishwa mwaka 2017, uliangalia mioyo yao. Presha ya kupanda ilikuwa adimu, hata kwa wazee, na vipimo vya mafuta ya damu vilikuwa vizuri. Chakula chao kina mchango wake, hilo halina ubishi. Hata hivyo watu ambao kwa kalori hawatupiti, kwa afya ya moyo wametuacha mbali sana.

Jambo hilohilo lilionekana zamani katika mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa zamu nzima. Konda anapanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi, mamia ya vidato kwa siku. Wote wanatoka tabaka moja la jamii, na wanafanya kazi katika mabasi yaleyale. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na walioupata walikufa wachache.

Kinachonifanya nimheshimu Morris ni kwamba hakuishia hapo akashangilia. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitoa uchunguzi wa sare za kazi, wakaonyesha kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana tangu siku walipoajiriwa. Maana yake ni kwamba huenda wanene ndio waliochagua usukani, na ngazi zikapewa sifa isiyo yao. Swali hilo lilikuwa halali kabisa. Uchunguzi wa baadaye ukawagawa wafanyakazi kwa maumbo, na nafuu ya makonda ikabaki palepale, wawe wembamba, wa wastani au wanene. Ningependa kila anayeacha kutembea kwa sababu ya mizani alijue hili. Konda mwenye tumbo naye alilindwa na ngazi zile.

Kuhusu hatua elfu kumi, zinazotangazwa kwenye simu na saa za mkononi kana kwamba ni dozi ya daktari, chanzo chake ni biashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni ya Kijapani iliingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua na kukitangaza kwa namba hiyo. Namba si mbaya, ila inawakatisha tamaa wanaoihitaji zaidi. Utafiti ulioongozwa na I-Min Lee, uliotoka mwaka 2019, uliwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 kuliko waliokuwa kwenye 2,700, na nafuu iliendelea kuongezeka mpaka karibu 7,500 kisha ikatulia. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kila kitu, maana mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ya ugonjwa wake. Lakini unalingana na mengine mengi: faida kubwa iko kwa anayetoka kwenye kukaa tu na kuanza kidogo.

Je, kwenye uzito matembezi hayana kazi? Yanayo, ila si ile ya mstari wa mbele. Katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari walisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya dakika 150 za mazoezi kwa wiki, mfano wake mkuu ukiwa kutembea kwa haraka. Idadi ya waliopata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformin iliishusha kwa asilimia 31. Watu wale walibadilisha chakula pia, na kwa hoja yangu hilo ndilo muhimu. Mwenye kilo 90 anahitaji kushusha kilo sita na kidogo tu kufikia asilimia 7. Sahani inazishusha, miguu inazizuia zisirudi. Huko huko Marekani, katika kumbukumbu za watu waliopungua sana na kudumu hivyo kwa miaka, zilizoanza kukusanywa mwaka 1994, zoezi linalotajwa kuliko yote ni kutembea.

Kuna pia faida ya papo kwa papo isiyohitaji mizani. Dakika kumi na tano za kutembea mara baada ya chakula hupunguza kiwango cha sukari kinachopanda kwenye damu, kwa sababu misuli ya miguu inaichukua sukari na kuitumia. Kwa nchi zetu ambako chakula cha usiku ni ugali au wali uliojaa sahani, kinafuatiwa na runinga na kitanda, sijui ushauri wa bei nafuu kuliko huo. Anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na daktari wake, sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Wanaosema kutembea si mazoezi wana hoja mbili ninazozikubali. Moja ni mwendo. Kuzunguka dukani ukichagua vitenge si sawa na kukaza mwendo kama unayewahi daladala ya mwisho. Kipimo chake hakihitaji saa: ukiweza kuzungumza lakini ukashindwa kuimba, umefika, na kwa walio wengi hiyo ni kama hatua 100 kwa dakika. Ya pili ni misuli. Baada ya miaka arobaini misuli hupungua mwaka hadi mwaka, na kutembea kwenye tambarare hakuirudishi, hasa ya mikono na mgongo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuishia kwenye dakika 150 hadi 300 kwa wiki, limetaka pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Hilo halilazimishi jimu. Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za ukutani kwa anayeanza, ndoo ya maji ya lita kumi kila mkono kwa mizunguko michache uani, vinatosha kuanzia. Mtu anayepungua uzito kwa kula kidogo na kutembea peke yake hupoteza misuli pamoja na mafuta, na akinenepa tena hurudisha mafuta zaidi.

Ushauri wa kutembea unahitaji pia kujua unamwambia nani. Karani wa benki anayetoka kitandani hadi kwenye gari na kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti atafaidika sana na nusu saa. Kibarua anayetoka Tandale kwenda Kariakoo kwa miguu na kurudi tayari ameshatembea, na kumwambia aongeze hatua ni kutomheshimu. Kama ana kitambi, azungumziwe chipsi, soda na mafuta ya kukaangia, na bei ya mbogamboga inayomfanya achague chipsi.

Na watembee wapi? Kenya watembea kwa miguu ndio wanaoongoza kwa vifo vya barabarani. Dar es Salaam njia za waenda kwa miguu zikijengwa, bodaboda huzifanya za kwao, na mwanamke anayetaka kutoka saa kumi na moja alfajiri kabla ya jua kuwaka analazimika kufikiria giza kwanza. Msitu wa Karura, ambako leo watu wa Nairobi wanatembea chini ya miti kwa utulivu, upo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikataa ugawiwe wajenzi, na mwaka 1999 alipigwa na walinzi kwa ajili hiyo. Mahali pa kutembea hupiganiwa.

Kigali ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara zake kwa magari siku moja ya Jumapili kila mwezi, kisha ikaongeza ikawa mbili. Watu wanatembea, wanakimbia, watoto wanaendesha baiskeli katikati ya lami, na wahudumu wa afya wanapima presha na sukari bure palepale. Dar es Salaam na Nairobi zinaweza kuanza na Jumapili moja kwa mwezi, na barabara moja.