Maarifa yafike hadi kwenye simu ya kabambe

Katika makala ninayoijibu, mwandishi anataka miradi ya vijijini iweke ripoti zake kwenye tovuti moja. Naunga mkono, lakini ripoti ndefu ya Kiingereza itamfaa nani kule Busia? Chukua mbinu ya ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, iliyokuzwa Mbita kando ya Ziwa Viktoria: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi hufukuza nondo wa viwavi watoboao mashina, tena huzuia striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na nyasi za nepia pembeni huwavuta nondo hao nje. Mkulima anayahitaji haya kwa lugha yake, kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe. iCow, huduma ya simu ya hapa Kenya, ilianza kutuma ujumbe mfupi kwa wafugaji mwaka 2011, kwa hiyo inawezekana. Na mkulima apewe nafasi ya kujibu! Wafadhili hapa Nairobi wasikie pia pale mbinu ilipokataa.