Kambwa kameninyang'anya usingizi wa lindoni

Jamani kuna kazi ya ulinzi halafu kuna kazi ya ulinzi pamoja na kambwa ka aina ya Pomeranian, hizo kazi mbili tofauti kabisa ila mshahara ule ule, tena unachelewa.

Hapa ninapolinda Mikocheni zamani kulikuwa na Jameni Shepadi, mbwa mtu mzima, anayajua maisha. Anakula, anazunguka ukuta raundi moja, saa saba usiku yeye analala kona yake na mimi yangu, alfajiri wote tuko getini na sura za kazi. Alipokufa bosi akasema analeta mwingine, mi nikategemea jibwa. Gari inaingia jioni, binti yake anashuka na pochi, ndani ya pochi manyoya ya rangi ya chungwa na macho mawili. "Anko, huyu ndo Prince." Kilo mbili na kidogo! Jogoo wa kienyeji akijipanga vizuri anampita.

Sasa hako kambwa hakalali. Mjusi akipita ukutani, kanabweka. Bodaboda mtaa wa tatu, kanabweka. Embe likidondoka kwa jirani ndo usiseme, kila mlio miguu ya mbele inanyanyuka juu kwa nguvu ya sauti yake mwenyewe. Na mimi nikisinzia kidogo tu, kanakuja mpaka kibandani kananibwekea usoni hadi taa ya chumbani kwa bosi inawaka. Yaani nimeletewa supavaiza mwenye mkia.

Basi kwa vile usingizi sina na bando la usiku lipo nikaanza kumsoma, nijue nahangaika na nani. Kumbe kelele ni za ukoo! Hawa wanaitwa spitzi, mbwa wa nchi za baridi, masikio wima, mkia umelalia mgongoni, mababu zao majibwa ya kukokota mizigo kwenye theluji, na huko Ujerumani wakulima walifuga spitzi makusudi kwa ajili ya mdomo, mgeni akitokeza tu shamba zima linajua. Hawa wa kwangu jina wamelitoa Pomerania, kando ya Bahari ya Baltiki, leo imegawanyika kati ya Poland na Ujerumani. Mwaka 1767 Malkia Charlotte wa Uingereza akaletewa wawili, Phoebe na Mercury, na ukiwaona wa enzi zile kwenye michoro ya Gainsborough, mchoraji wa huko Uingereza, ni mbwa wa kueleweka, unampa lindo unaenda zako kunywa chai. Aliyeniharibia mimi ni Malkia Victoria, wa huko huko Uingereza. 1888 kaenda zake Florence kutembea, karudi na Marco wa kilo tano na ushei, akaanza kuzalisha wadogo, matajiri wakaiga maana ndo kawaida yao, wakawa wanapunguza mbwa, wanapunguza, mpaka akabaki huyu wa kwenye pochi. Ila sauti hawakupunguza! Na kichwani bado ni lile jibwa la theluji, juzi kamepita chini ya geti kumfuata mbwa wa jirani mwenye kilo hamsini, na yule mbwa akarudi nyuma, nimeona kwa macho yangu.

Tena wana bahati hawa viumbe we acha tu. Victoria anakufa 1901, kambwa kake Turi kako naye kitandani. Titanic 1912 imeua watu zaidi ya 1,500, mbwa waliopona watatu, na wawili kati yao Pomeranian, wamebebwa kwenye boti za kuokolea. Sasa we niambie mlinzi wa ile meli alibebwa na nani.

Matunzo ndo yananimaliza. "Anko usimfunge kamba shingoni," bomba lao la hewa laini, linabonyea, anakohoa mpaka macho yanamtoka, kwa hiyo mkanda wa kifuani. Asiruke kutoka kwenye kochi, vifupa vya magoti vinahama, kwa hiyo abebwe. Meno yamebanana kwenye kidomo kile, yanaoza mapema, kwa hiyo mswaki, na dawa yake ya meno siyo hii yetu. Jioni nimchane mpaka kwenye ngozi, nyuma ya masikio ndo panafungamana, ukivuta kidogo anapiga ukunga majirani wanadhani kuna mauaji. Kinyozi wa hapo nje akasema lete nimpitishe mashine na hili joto la Dar, daktari wa mifugo akakataa katakata, manyoya yao ya tabaka mbili, ukinyoa yanaweza yasirudi tena. Kwa hiyo mchana kutwa kiyoyozi kinawaka kwa ajili ya Prince, kibanda changu bati tupu.

Na mimi ni Mshafii, jamani. Akinilamba mkono nioshe mara saba, moja kwa udongo, na yeye kulamba ndo salamu yake. Mama mwenye nyumba ameanza kuuliza kwa nini vyungu vya maua vinapungua udongo.

Nimesoma wanaishi miaka 12 hadi 16, mi mkataba wangu wa mwaka mmoja mmoja. Na leo nasikia mezani wanamtafutia mke. Mke! Wangu yuko Newala huko, kila nikiomba likizo naambiwa hakuna mtu wa kukaa na Prince. Nimeshampigia supavaiza, yule asiye na mkia, nimemwambia anitafutie lindo lolote, godauni la saruji, kiwanja kitupu, makaburini, popote.